Theo Albrecht: Mkwasi Aliyejificha

Theo Albrecht alizaliwa tarehe 28 Machi 1922 mjini Essen, katika eneo la Ruhr nchini Ujerumani, penye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mamake, Anna, alikuwa amefungua kiduka cha vyakula katika kitongoji cha Schonnebeck mwaka wa 1913. Wateja wake walikuwa familia za wachimba migodi, watu wa kuhesabu kila senti. Humo ndimo Theo alimojifunzia biashara.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Theo na kakake mkubwa, Karl, walilichukua duka la mama katika nchi iliyogeuka magofu. Kwa kuwa mtaji ulikuwa haba, waliuza bidhaa chache tu, wakinuia kuziongeza baadaye. Punde wakang'amua kwamba uchache huo ndio uliowapa faida: bidhaa chache zilinunuliwa kwa wingi, kwa bei nafuu, na hazikulala rafuni. Matangazo hayakuwepo, wala mapambo. Badala ya kumpa mteja stempu za kukusanya ili arudishiwe fedha baadaye, kama ilivyokuwa ada ya maduka ya wakati huo, wao walipunguza bei papo hapo. Kufikia mwaka wa 1950 walikuwa na maduka 13. Miaka kumi baadaye, yapata 300.

Hapo ndipo ndugu walipotengana. Yasemekana chanzo kilikuwa sigara, Karl akihofia kwamba zingewavuta wadokozi dukani. Theo alitwaa kaskazini, Karl kusini, bila ya uadui. Jina Aldi, lililozuka mwaka wa 1962, ni silabi za mwanzo za Albrecht na Diskont, yaani kipunguzo cha bei. Mwanafunzi wa mofolojia atalilinganisha na CHAKITA letu.

Jaribio kuu la maisha yake lilimfika tarehe 29 Novemba 1971, alipotekwa nyara akitoka ofisini mjini Herten. Mavazi yake yalikuwa ya kawaida mno hata watekaji, kwa mujibu wa masimulizi, wakamtaka kitambulisho ili wahakikishe kwamba hawajamkosea mtu. Alizuiliwa siku 17. Fidia ilikuwa marki milioni 7, na aliyeipeleka ni Askofu Franz Hengsbach wa Essen. Watekaji walikamatwa na kufungwa, lakini takriban nusu ya fedha haikupatikana kamwe.

Alipokuwa huru, Theo alitaka fidia hiyo ihesabiwe kuwa gharama ya biashara ili apunguziwe kodi. Wengi walimcheka kwa ubahili. Mimi naona kwamba alikuwa akiyapima maisha yake kwa mizani ile ile ya kaunta ya mamake, na hakuwa na nyingine.

Tangu hapo alijitenga na umma. Hakutoa mahojiano, na picha zake zilikuwa adimu kama za mtoro. Gari lake lilikuwa lisilopenya risasi. Biashara, hata hivyo, haikujificha: mwaka wa 1979 ilivuka bahari na kununua maduka ya Trader Joe's nchini Marekani.

Theo alifariki mjini Essen tarehe 24 Julai 2010, akiwa na umri wa miaka 88, na mali iliyokadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 16. Ulimwengu ulipata habari siku chache baadaye.