Profesa aliyefua umeme kwa matanga ya turubai, kijiji kikaukataa

Nimepotea kidogo, nilikuwa kijijini Kyerwa nahangaika na mapanga ya kinu changu cha upepo. Panga moja la bati lilikatika pale kwenye tundu la bolti, likaruka na kufyeka mgomba wa jirani. Bahati hakukuwa na mtoto karibu. Mzee mwenye mgomba hata fidia hakudai, alisema tu kwamba kidude kile kina ushirikina ndani yake, nikishushe.

Ndo nikamkumbuka James Blyth. Kama humjui usione haya, wengi tunamjua Edison tu.

Blyth alizaliwa mwaka 1839 kijiji cha Marykirk, kule Scotland. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na shamba dogo, kwa hiyo si mtoto wa kishua. Alikuwa kichwa darasani, akapata ufadhili wa kusoma Edinburgh, akafundisha hesabu mashuleni miaka mingi, na mwaka 1880 akawa profesa wa fizikia katika chuo cha Anderson, Glasgow. Alioa, akapata watoto saba. Mpaka hapo ni maisha ya mwalimu yeyote.

Lakini likizo alikuwa anarudi kwao Marykirk, na Julai 1887 akasimamisha kinu bustanini. Nguzo karibu mita 10, mikono minne yenye urefu wa karibu mita 4 kila mmoja, na kwenye mikono akafunga matanga ya turubai. Kinu kilizungusha gurudumu zito, kamba ikavuta dainamo, umeme ukaingia kwenye betri. Upepo wa wastani tu ulitosha kuwasha taa 10. Ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kuwasha nyumba kwa upepo.

Kwa nini turubai? Nadhani alichukua kilichokuwepo. Vinu vya kusaga nafaka Ulaya vilitumia kitambaa kwa karne nyingi, ni chepesi, na kikichanika unashona. Profesa mzima, lakini hakuanza na kitu cha gharama.

Sasa sikieni. Umeme ukamzidi, akawaambia wanakijiji yuko tayari kuwapa wawashe taa za barabara yao kuu. Wakagoma! Wakasema ule mwanga ni kazi ya shetani. Jamani, Wazungu hao, mwaka 1887. Kumbe yule mzee wangu hayuko peke yake.

Blyth hakugombana nao. Tatizo lililomsumbua zaidi lilikuwa jingine: kinu chake hakikuwa na breki ya maana, upepo wa dhoruba ukija kingeweza kuzunguka mpaka kijivunje. Akaachana na matanga. Akatengeneza kinu cha mhimili wa kusimama wima, na badala ya turubai akaweka makasha yenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati. Hicho hata upepo ukichachamaa hakikimbii ovyo. Akakikatia hataza mwaka 1891, na baadaye kingine kikubwa kikajengwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Montrose, kikafanya kazi miaka kibao. Alifariki mwaka 1906. Uingereza ilikaa mpaka mwaka 1951 ndipo ikaunganisha kinu cha upepo kwenye gridi.

Mmarekani Charles Brush alijenga chake mwaka 1888 kule Cleveland: mapanga 144 ya mbao za mwerezi! Yule alikuwa na pesa, tusimwige.

Sisi wa milima ya Karagwe na Kyerwa tuna nini? Bati mimi nimekoma. Linatikisika, chuma kinachoka, kinakatika bila taarifa. Bomba la plastiki la nchi sita ni rahisi kukata na tayari lina mkunjo wake, ndilo alilotumia kijana wa Malawi, Kamkwamba, mwaka 2002, alilibanjua kwa moto. Ila jua linalikausha mpaka linapasuka, lipake rangi. Mbao naiamini zaidi: grivelea au paina iliyokauka vizuri, nyuzi zimenyooka, haina vifundo. Mapanga yote yawe na uzito sawa, hata gramu chache zikizidi upande mmoja utasikia nguzo inacheza. Na mikaratusi iacheni, ni mizito na inajipinda ikikauka.

Nimeshaanza kuchonga matatu ya grivelea. Ila nusu pipa za Blyth nazo zinanivutia, maana pale kwetu watoto wanapita chini ya nguzo kila siku. Mwenye kumjua fundi mzuri wa kuchomelea pale Omurushaka au Nkwenda, ambaye hatanipiga bei ya mjini, atupie maoni hapo chini.