Maumivu ya Florence Yaliyokosa Jina

Wiki iliyopita nilimwombea mama mmoja ambaye mgongo na homa za kuja na kwenda vimemsumbua miaka mitatu. (Amenipa ruhusa niandike.) Nilipomaliza kuomba nikamwambia aache kuwaza sana. Usiku huo nilikosa amani, nikamkumbuka Florence Nightingale.

Yeye tunamjua kwa ile taa ya hospitalini. Alizaliwa mwaka 1820 katika familia tajiri ya Waingereza, na kabla hajafika miaka 17 aliamini kwamba Mungu amemwita. Familia ilikataa kabisa awe nesi. Mwishowe wakalegea, na Novemba 1854 akafika Scutari, Uturuki, kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Hayo tulisoma shuleni. Yaliyofuata ndiyo hatuambiwi.

Mei 1855, akiwa Crimea, homa kali ilimwangusha, nusura afe. Wakaiita tu homa ya Crimea. Alipata nafuu, akarudi kazini, na mwaka 1856 akarudi Uingereza. Mwaka uliofuata mwili ukakataa. Homa, moyo kudunda, kukosa usingizi, chakula hakipiti. Baadaye uti wa mgongo ukauma hivi kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa mtu wa kubebwa kutoka chumba hadi chumba. Madaktari wakasema ni kuchoka na kazi. Alipokwisha kufa, wengine waliandika kwamba alijifanya mgonjwa ili wageni wasimsumbue. Mimi nilisomea biashara, si udaktari, lakini hesabu hiyo hainiingii. Akiwa mgonjwa hivyo aliandika kitabu chake cha uuguzi, shule yake ya manesi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, na ripoti zake kuhusu afya ya jeshi kule India zikaenda serikalini. Mtu wa kujifanya atafanya yote hayo kweli?

Sasa angalia. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, akiwa kisiwa cha Malta, aligundua kijidudu cha ugonjwa ambao sisi tunauita brusela. Mwaka 1905 ikajulikana kwamba watu kule waliupata kwa maziwa mabichi ya mbuzi. Florence alikuwa hai miaka hiyo yote. Alifariki 1910, akiwa na miaka 90, bila jina la ugonjwa wake. Mwaka 1995 ndipo mtafiti mmoja Mwingereza alipozipanga dalili zake na kuonyesha kwamba zinafanana sana na brusela sugu. Damu yake haipo tena ya kupimwa, kwa hivyo yatabaki makisio. Lakini ni miaka 85 baada ya mazishi, jamani!

Na brusela si ya Malta peke yake. Sisi wenye ng'ombe na mbuzi nyumbani tunaijua, na bado kuna maboma hayachemshi maziwa.

Jumatatu nilimpigia yule mama simu, nikamwomba msamaha. Nikamwuliza kama kwao maziwa huchemshwa. Akacheka, akasema babake angemfukuza mtu wa kuharibu maziwa hivyo. Jumanne tulienda yeye, bwanake na mimi, akatolewa damu. Daktari alituambia kile kipimo cha haraka hukosea wakati mwingine, kwa hivyo ameagiza kingine. Majibu ni Alhamisi.