George Müller: Mtu wa Imani Aliyeweka Vitabu Wazi

Somo: 2 Wakorintho 8:16–21

Wengi wenu mmelisikia jina la George Müller wa Bristol, Uingereza. Tunamtaja sana tukihubiri juu ya imani: yule mtumishi aliyelea maelfu ya yatima kwa maombi, bila kumwendea mtu yeyote kumwomba pesa. Hayo ni kweli, na nitayaeleza. Lakini mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kila nikiyasoma maisha yake jicho langu linakwenda kwenye risiti. Huyu ndugu alipokea pesa za watu kwa zaidi ya miaka 60, matajiri kwa maskini, na akaeleza kila senti ilikoenda. Hiyo sehemu hatuihubiri sana. Leo nataka tuitazame.

Kijana mwenye mkono mrefu

Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt, Prussia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkusanyaji ushuru wa serikali. Pesa za serikali zilikuwa zinalala nyumbani, na mtoto alikuwa anazidokoa. Kabla hajafika miaka 10 baba alishaanza kushuku. Siku moja akahesabu kiasi fulani, akakiacha chumbani na mtoto, akatoka. Aliporudi, pesa zimepungua. Alipompekua alizipata ndani ya kiatu, chini ya unyayo.

Hakuacha hapo. Usiku ule mama yake alipokuwa anafariki, kijana huyu wa miaka 14 alikuwa anacheza karata, hajui kinachoendelea nyumbani. Akiwa na miaka 16 alikaa kwenye hoteli bila pesa ya kulipa, akafungwa gerezani huko Wolfenbüttel mpaka baba yake akatuma malipo. Na kumbuka, wakati huo wote baba alikuwa anamwandaa awe mchungaji! Si kwa sababu ya wito, bali kwa sababu uchungaji kule ulikuwa kazi yenye maisha mazuri.

Novemba 1825, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Halle, rafiki yake alimpeleka kwenye ibada ndogo ya maombi nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. Pale alimwona mtu akipiga magoti kuomba, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani. Alirudi nyumbani amebadilika. Ndipo safari yake na Bwana ilipoanza.

Nimeanza na wizi kwa makusudi. Mungu alimchukua mtu ambaye hata baba yake mzazi hakuweza kumwachia sarafu mezani, akamkabidhi sadaka za maelfu. Na nadhani Müller mwenyewe hakusahau kile kiatu. Mtu aliyejua mkono wake ulivyokuwa, aliuwekea utaratibu.

Anaacha mshahara

Mwaka 1829 alivuka kwenda Uingereza, na mwaka uliofuata akawa mchungaji wa kanisa dogo huko Teignmouth. Mwaka huo huo wa 1830 akamwoa Mary Groves. Siku zile makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yanakodisha viti. Mwenye pesa analipia kiti kizuri mbele, maskini anakaa panapobaki, na mshahara wa mchungaji unatoka kwenye kodi hiyo. Müller aliona hilo linagongana na waraka wa Yakobo. Akafuta kodi ya viti, na mshahara wake ukaenda nayo. Akaweka sanduku tu kanisani: anayetaka kutoa atoe, bila mtu kujua nani ametoa ngapi.

Mfuko mmoja, kazi nyingi

Mwaka 1832 alihamia Bristol pamoja na rafiki yake Henry Craik. Mwaka huo kipindupindu kilipiga mji, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Tarehe 5 Machi 1834 hao wawili wakaanzisha shirika la kueneza maarifa ya Maandiko, nyumbani na ng'ambo. Hapa wengi hatujui. Tunafikiri Müller alikuwa na nyumba ya yatima peke yake. La. Shirika hili lilikuwa mfuko wa jamii wenye kazi nyingi: shule za watoto wa maskini, shule za Jumapili, madarasa ya watu wazima, kugawa Biblia, na kuwasaidia wamisionari. Hudson Taylor wa China ni mmoja wa waliosaidiwa na mfuko huo.

Kanuni zake zilikuwa fupi. Hakuna kukopa. Hakuna kuomba watu wakubwa wasiomjua Mungu wawe wafadhili. Na pesa iliyotolewa kwa kazi fulani inakwenda kwa kazi hiyo, basi.

Nyumba ya yatima ilifuata. Desemba 1835 aliitisha mkutano kueleza maono yake, na kwa makusudi hakupitisha kikapu. Watu wakaanza kuleta wenyewe: sahani, mabakuli, jagi, visu, vitambaa, pesa kidogo kidogo. Wengine walijitolea kufanya kazi bila malipo. Vitu hivyo vyote aliviandika, sahani kama pauni.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Siku ya kupokea maombi ya watoto ilipofika, Februari 1836, alikaa akingoja na hakuja mtu hata mmoja! Akagundua ameomba nyumba, ameomba vyombo, ameomba wafanyakazi, lakini hajaomba watoto. Akaomba. Siku iliyofuata ombi la kwanza likaingia. Tarehe 11 Aprili 1836 nyumba ya kwanza ilifunguliwa katika mtaa wa Wilson, ya wasichana.

Pauni 100 za mshonaji

Kati ya waliotoa mwanzoni alikuwa dada mmoja mshonaji, mwenye afya dhaifu, aliyekuwa akipata kama shilingi 3 na nusu kwa wiki. Alikuwa amepata urithi. Kwanza akalipa madeni aliyoacha marehemu baba yake. Kisha akampa mama yake pauni 100. Halafu akamletea Müller pauni 100 za nyumba ya yatima.

Hebu tupige hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Pauni 100 ni shilingi 2,000. Kwa kipato chake cha sindano, hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 10.

Sasa, mtu mwenye uhitaji wa pesa angefanya nini? Angesema haleluya, akaandika risiti upesi kabla dada hajabadilisha mawazo. Müller hakuzipokea pesa zile mpaka amemwita, wakazungumza kwa kirefu. Alitaka kujua kama amepiga gharama, kama si msisimko wa siku moja ambao kesho utageuka majuto. Alipoona kwamba dada huyu anajua anachofanya mbele za Mungu, ndipo akapokea. Yaani alimjali mtoaji kabla ya kujali mfuko. Wapendwa, hapo nimesoma mara nyingi.

Ripoti iliyocheleweshwa

Kila mtoaji alipata risiti yenye namba. Ripoti ya mwaka ilipochapishwa, michango iliorodheshwa bila majina. Mwenye shilingi moja aliweza kuitafuta namba yake na kuiona imefika. Hakuna aliyesifiwa kwa kutoa nyingi, na hakuna aliyeaibika kwa kutoa kidogo. Hesabu zilikaguliwa. Aliyetaka kujua kiasi kilichotumika, alijua.

Wapinzani wake walisema, ati hizo ripoti ndizo njia yake ya kuomba. Kwamba anajifanya haombi, kumbe anatangaza shida zake kwa maandishi. Ni swali la haki. Tazama alivyolijibu. Desemba 1841 ulikuwa wakati wa mkutano wa mwaka na ripoti, na mfuko ulikuwa mtupu kabisa. Ripoti ingetoka wakati huo, watu wangeona shida na kuleta pesa. Müller na wenzake wakaiahirisha, ili isije ikaonekana kama bakuli la kuomba. Kwa miezi kama minne, mpaka Aprili 1842, waliishi siku kwa siku, wakipata cha asubuhi bila kujua cha jioni. Mifuko mingine ilipokuwa na akiba ya kazi yake, hakuigusa. Pesa za kazi ile hazikununua mkate wa kazi hii, hata njaa ikiwa mlangoni.

Ashley Down

Mwaka 1845 majirani wa mtaa wa Wilson walilalamikia kelele za watoto, wakasema pia maji ya mtaa hayatoshi. Müller hakugombana nao. Aliona wana haki. Akatafuta ardhi nje ya mji, mahali paitwapo Ashley Down, na mwenye shamba akampunguzia bei kutoka pauni 200 kwa ekari hadi 120. Nyumba ya kwanza ikafunguliwa Juni 1849 kwa watoto 300. Zilifuata nyingine mnamo 1857, 1862, 1868 na 1870. Nyumba tano, nafasi 2,050. Hakujenga hata moja kwa mkopo.

Tena watoto waliingiaje? Katika baadhi ya nyumba za yatima za Uingereza wakati huo, wachangiaji walipiga kura kuamua mtoto gani apokelewe. Mjane alilazimika kuzunguka kuwabembeleza wenye kura. Kwa Müller hakukuwa na kura wala kujuana. Kama umefiwa na wazazi wote wawili na huna msaada, unaandikwa kwa zamu yako. Kutoa pesa nyingi hakukumpa mtu mamlaka ya kuchagua nani ale.

Kwa jumla yatima zaidi ya 10,000 walilelewa katika maisha yake, na shule zilizosaidiwa na mfuko zilifundisha zaidi ya watoto 120,000. Müller alifariki tarehe 10 Machi 1898, akiwa na miaka 92. Pesa zilizopita mikononi mwake zilifika karibu pauni milioni moja na nusu. Mali aliyoacha mwenyewe ilikuwa kama pauni 160. Shirika lake bado lipo Bristol hadi leo.

Na sisi je?

Sisi Wakenya tunafanya harambee. Tunaomba hadharani, na sioni kosa hapo. Paulo naye aliwaomba Wakorintho wachangie watakatifu wa Yerusalemu. Lakini soma vizuri somo letu la leo. Paulo hakuzibeba zile pesa peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asiwe na la kumlaumu. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia. Müller hakuomba, Paulo aliomba. Wote wawili waliweka vitabu wazi.

Tuna mfuko wa karo, mfuko wa wajane, chakula cha watoto wa mtaani kwetu. Washirika wanatoa, wengine kwa simu, wengine kwa bahasha. Na nimesikia wengine wakiuliza kwa sauti ya chini, pesa zile zilifika wapi? Wanaogopa kuuliza kwa sauti wasije wakaambiwa wanamgusa mtiwa mafuta wa Bwana. Mpendwa, nataka nikuambie kama mmoja wa watumishi wako: kuuliza si uasi. Mtume mwenyewe alijiandaa kwa swali hilo kabla halijaulizwa. Kanisa likikaa kimya juu ya pesa, mjane ataendelea kutoa kwa muda, halafu ataacha, na hatakwambia kwa nini. Atakayelala njaa ni yule mtoto ambaye hajui lolote kuhusu mahesabu yetu.

Ndiyo maana nimewaomba wazee tuanze jambo dogo. Kila baada ya miezi mitatu, karatasi moja ukutani: kilichoingia kwa kila mfuko, kilichotoka, kilichobaki. Watoaji kwa namba za risiti. Waliosaidiwa tusiwataje majina, maana umaskini wa mtu si tangazo. Na pesa ya karo isinunue spika. Tuombee jambo hili pamoja.

Kwa ushirika wa nyumbani
1. Kwa nini Müller alizungumza na mshonaji kabla ya kupokea pesa zake? Sisi tunawajali watoaji wetu vipi?
2. Paulo alijilinda vipi asilaumiwe (mstari wa 20 na 21)?
3. Je, kwenye chama chako au kikundi chako, kila mtu anaweza kuona kitabu?

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kila mkono unaotoa. Tupe mikono safi ya kupokea, na moyo usioogopa kuhesabiwa. Katika jina la Yesu, Amina.