Agnes Pockels: Alianzia jikoni, akafungua njia ya kuujua utando wa seli

MAJI yaliyooshewa vyombo ni kitu ambacho watu wengi hukimwaga bila kukijali. Kwa Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani aliyeishi kati ya mwaka 1862 na 1935, mafuta yaliyotanda juu ya maji hayo yalikuwa mwanzo wa utafiti uliokuja kuwasaidia wanasayansi kuujua utando unaoizunguka kila seli ya kiumbe hai.

Agnes alizaliwa Februari 14, 1862, mjini Venice, wakati huo ukiwa chini ya himaya ya Austria, ambayo baba yake aliitumikia jeshini. Malaria, iliyokuwa imeenea kaskazini mwa Italia enzi hizo, iliidhoofisha afya ya familia hiyo. Mwaka 1871 walihamia mji wa Braunschweig, Ujerumani.

Alisoma katika shule ya wasichana ya mji huo na kuvutiwa mno na fizikia. Hata hivyo, vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa havijawafungulia wanawake milango, na ilipofunguliwa baadaye, wazazi wake walimtaka abaki nyumbani. Mdogo wake, Friedrich, alikwenda kusoma fizikia Göttingen, na ndiye aliyempatia dada yake vitabu.

Hivyo basi, Agnes alibaki kupika, kuosha vyombo na kuwauguza wazazi. Lakini akiwa na umri wa takriban miaka 20, alitengeneza chombo chake mwenyewe cha utafiti: kihori cha bati chenye urefu wa sentimeta 70, upana wa sentimeta tano na kina cha sentimeta mbili.

Alikijaza maji, akalaza ukanda wa bati juu yake, kisha akausogeza ili kuupanua au kuubana uso wa maji wenye mafuta. Kwa kipande kidogo cha duara kilichoning'inizwa kwenye mizani, alipima nguvu iliyohitajika kukibandua kutoka kwenye maji.

Aligundua kuwa mafuta yakitawanyika kwenye eneo kubwa, mvutano wa uso wa maji haubadiliki sana. Eneo likibanwa hadi kiwango fulani, mvutano huo hushuka ghafla. Baadaye ilieleweka kwamba hapo ndipo molekuli za mafuta zinapogusana bega kwa bega, zikiwa zimeyafunika maji kwa tabaka moja tu.

Kwa takriban miaka 10 hakuna aliyeyachapisha matokeo hayo. Januari 1891 alimwandikia barua mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyekuwa akichunguza jambo hilohilo. Rayleigh hakuyafanya kuwa yake. Mkewe aliitafsiri barua hiyo, naye akaipeleka kwenye jarida la Nature, lililoichapisha Machi 12, 1891, kwa jina la Agnes.

Mwaka 1917 Irving Langmuir wa Marekani alikiboresha chombo cha aina hiyo na kueleza jinsi molekuli hizo zinavyosimama: kichwa kinachopenda maji huelekea chini, na mkia unaoyakimbia huelekea juu.

Mwaka 1925 daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel, wa Leiden nchini Uholanzi, walikamua mafuta kutoka kwenye seli nyekundu za damu na kuyatandaza juu ya maji katika chombo cha namna hiyo. Eneo la mafuta lilikuwa karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Walihitimisha kuwa utando wa seli una matabaka mawili ya mafuta, mikia ikiwa imefichwa katikati. Vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili yaliyofidiana, lakini hitimisho lao limethibitika.

Umbile hilo ndilo linaloamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya kwa urahisi, ilhali chumvi na sukari hukwama kwenye mafuta na kuhitaji milango maalumu ya protini. Mwaka 1972 Seymour Singer na Garth Nicolson walieleza jinsi protini hizo zinavyoelea ndani ya mafuta hayo. Maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha hutegemea mlango mmojawapo katika seli za utumbo, unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, maji yakifuatia.

Agnes hakuwahi kuolewa wala kuajiriwa na chuo chochote. Kadiri miaka ilivyosonga, uuguzi wa wazazi ulimpunguzia muda wa utafiti, na mwaka 1913 Friedrich, aliyekuwa kiungo chake na ulimwengu wa wasomi, alifariki dunia.

Heshima ilimfikia akiwa mzee. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Laura Leonard, na mwaka 1932, akiwa na miaka 70, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka huohuo Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake kuhusu nyuso za maada.

Agnes Pockels alifariki dunia mjini Braunschweig Novemba 21, 1935. Kihori alichokibuni nyumbani, kwa sura iliyoboreshwa, kingali kikitumika katika maabara, aghalabu kwa jina la Langmuir.