Sydney Camm, mwana wa seremala, na funzo kwa mafundi wetu

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yeyote aliyepata kupita katika mitaa ya mafundi mjini Kitale, au akasimama kando ya barabara mjini Bungoma kungoja baiskeli yake izibwe pancha, anajua kwamba methali hii haikutungwa kwa ajili ya mitihani ya shule. Huko wamo vijana wanaounga fremu zilizokatika, na wamo wazee wanaofufua injini za trekta ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Hata hivyo, katika jamii yetu fundi ni mtu wa kuitwa kitu kinapoharibika na kusahauliwa kinapopona. Mzazi anapomwambia mwanawe kwamba asiposoma ataishia gereji, huwa anamtisha, hamshauri.

Kwa sababu hiyo ningependa kusimulia maisha ya mtu aliyeanzia kwenye msumeno na randa, akafariki akiwa mmoja wa waundaji wa ndege za kivita wanaotajika zaidi duniani. Sina nia ya kusifu vita. Nia yangu ni kutazama kazi ya mikono na yale yanayoiwezesha kudumu.

Sydney Camm alizaliwa tarehe 5 Agosti 1893 mjini Windsor, Uingereza, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 12. Baba yake alikuwa seremala. Sydney aliacha shule mwaka 1908, akawa mwanagenzi wa useremala. Hakupata kuingia chuo kikuu. Wakati huo ndege yenyewe ilikuwa kitu kipya, kwani ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Kijana huyu alishikwa na hamu ya vyombo hivyo, akaanza kuchonga mifano midogo ya ndege pamoja na wenzake mjini. Karibu na Windsor kuna shule ya Eton, wanakosoma wana wa matajiri. Sydney aliwauzia wanafunzi hao mifano yake. Ili walimu wasijue, alikuwa akiipeleka usiku, nao wanafunzi wakaivuta kwa kamba hadi mabwenini. Mwaka 1912 yeye na wenzake waliunda chombo kisicho na injini, chenye uwezo wa kumbeba mtu.

Muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza aliajiriwa na kampuni ya Martinsyde kama seremala, kwa kuwa ndege za siku hizo ziliundwa kwa mbao na kitambaa. Ustadi wake ulimtoa kwenye meza ya useremala, ukampeleka kwenye chumba cha wachoraji wa ramani za ndege. Mwaka 1923 alijiunga na kampuni ya Hawker, na miaka miwili baadaye akawa msanifu wake mkuu. Cheo hicho alikishikilia kwa miongo kadhaa.

Hapa ndipo penye kiini cha masimulizi yangu. Ndege zilikuwa zikianza kuacha mbao na kuingia chuma. Camm, akishirikiana na Fred Sigrist, alibuni njia ya kujenga kiunzi cha ndege kwa neli za chuma zilizounganishwa kwa vibati na bolti badala ya kuchomelewa. Neli ikipinda, hufunguliwa na kuwekwa nyingine. Kwa njia hiyo iliundwa Fury, iliyoruka mwaka 1931, na kwa njia hiyo iliundwa Hurricane, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935. Sehemu ya nyuma ya kiwiliwili cha Hurricane ilikuwa na kiunzi cha neli, juu yake fito za mbao, na juu ya mbao kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ilikuwa kazi ambayo seremala na mshonaji wangeielewa.

Wapo waliomcheka. Ndege ya Spitfire, mshindani wake, ilikuwa na ngozi ya bati iliyobeba uzito pamoja na kiunzi chake, na ilikuwa na kasi zaidi. Lakini vita vya anga la Uingereza vilipopamba moto mwaka 1940, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire, na ndizo zilizoangusha zaidi ya nusu ya ndege za Ujerumani zilizoangushwa na ndege za Uingereza. Risasi iliyotoboa kitambaa mara nyingi ilipita upande wa pili bila kudhuru kiunzi. Mafundi waliziba tundu kwa kiraka, wakapaka dawa, na ndege ikarudi angani. Haki inatudai tuseme pia kwamba muundo huo ulikuwa na hatari yake, maana tangi la mafuta lililokuwa mbele ya rubani liliposhika moto, marubani wengi waliungua vibaya.

Kazi ya Camm haikuishia Ulaya. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Kenya ilipakana na nchi zilizokuwa mikononi mwake, Ethiopia na Somalia. Marubani wa Afrika Kusini waliletwa hapa wakiwa na Fury zilizokwisha kuwa kuukuu pamoja na Hurricane. Kitale, mahali ambapo reli iliishia na njia ya kwenda Turkana ikaanzia, palikuwa mlango wa mpaka huo wa kaskazini. Katika mazingira hayo ya vumbi na jua, mbali na kiwanda, ndege inayoweza kufunguliwa kwa spana na kuzibwa kwa kitambaa ina thamani kuliko ile inayopendeza machoni tu.

Camm hakuwa malaika. Wafanyakazi wake walimwogopa kwa ukali wake. Wala si kila alichokibuni kilifana. Ndege yake ya Typhoon iliingia vitani ikiwa na kasoro ya kutisha: mkia ulikuwa ukikatika hewani, na mmoja wa marubani wa majaribio wa Hawker, Kenneth Seth-Smith, alifariki mwaka 1942 kwa ajali hiyo. Mafundi walipachika vibati vya kuimarisha kuzunguka maungo ya mkia wakati uchunguzi ukiendelea. Waama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika urubani, ufa usipozibwa hakuna anayebaki wa kujenga huo ukuta.

Baada ya vita aliingia katika zama za jeti. Hunter iliruka mwaka 1951, na mwaka 1953 mwana wa seremala akatunukiwa hadhi ya Sir. Katika miaka ya 1970 Jeshi la Wanahewa la Kenya nalo lilinunua Hunter zilizokwisha kutumika Uingereza, na baadaye zikauzwa Zimbabwe. Camm mwenyewe alifariki tarehe 12 Machi 1966 akicheza gofu, akiwa na umri wa miaka 72.

Ndege zake zingali zikitengenezwa. Hurricane moja iliyopigana mwaka 1940 ilipelekwa India wakati wa vita, kisha ikakabidhiwa chuo kikuu cha Banaras ili wanafunzi wa uhandisi wajifunzie. Huko ilikaa uwanjani, ikinyeshewa na kupigwa jua kwa miongo mingi. Mwingereza mmoja aliiona, akaibembeleza kwa miaka, akaisafirisha kwao mwaka 2001, na Desemba 2004 ikaruka tena. Neli zenye kutu zilitolewa moja moja na zilizo nzima zikarudishwa. Kilichowezesha kazi hiyo ni kwamba michoro ilikuwepo na maelezo yalikuwa yameandikwa. Bila maandishi, hodari wa leo hawezi kujua aliyekufa alikaza bolti ipi kwanza.

Nami nikiwa mtu wa isimu, hapa ndipo ninapomtaja ndugu yake. Sydney alikuwa na mdogo wake, Frederick James Camm, ambaye hakuunda ndege za kivita, bali aliandika. Kuanzia mwaka 1932 alihariri majarida ya kumfunza mtu wa kawaida, kwa lugha yake mwenyewe, jinsi ya kuunda redio na kutengeneza mashine. Aliandika hata juu ya baiskeli. Kijana wa Kiingereza asiye na karo aliweza kununua jarida kwa senti chache na kujifunza akiwa nyumbani. Nyumba moja ya seremala ilitoa fundi na mwandishi wa ufundi, na taifa lililoendelea kiviwanda linawahitaji wote wawili.

Sisi tunao akina Sydney tele. Tunaowakosa ni akina Frederick. Namkumbuka mzee mmoja wa Bungoma aliyekuwa akitengeneza mashine za kusagia mahindi. Alisikiliza mlio tu akajua gololi ipi imelika. Alipofariki, wanagenzi wake walibaki kubahatisha, kwa sababu hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliohifadhi alichokijua. Katika vyuo vyetu vya ufundi, kile cha Kitale na kile cha Sang'alo vikiwemo, masomo hutolewa kwa Kiingereza, ilhali gerejini kijana huelezwa kazi kwa Kiswahili, Kibukusu au lugha nyingine ya nyumbani. Kati ya darasa na gereji pana bonde lisilo na daraja.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Dai hili halina mashiko. Parafujo ni neno tulilolitwaa kwa Wareno, spana tumelitwaa kwa Waingereza, na yote mawili yametii sarufi yetu bila ubishi. Mafundi wetu huunda istilahi kila siku bila kungoja kikao cha wasomi. Wajibu wetu sisi wa vyuo vikuu ni kushuka gerejini na daftari, kuyasikiliza maneno hayo, kuyapanga na kuyachapa katika vitabu vidogo ambavyo kijana wa Kitale ataweza kuvinunua na kuvielewa. Tusipofanya hivyo, kila mzee anayezikwa atazikwa na karakana nzima, na wanaobaki wataanza tena mwanzo, wakiwa na koleo lakini hawana uhunzi.