Bally, Mpaji wa Majina

Anayesoma lugha hujua mapema kwamba kukipa kitu jina si jambo dogo. Ndiyo maana navutiwa na maisha ya Peter Bally, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1895 na kufariki mwaka 1980. Wengi humtaja kwa sababu moja tu: alimwoa Friederike Gessner mwaka 1938, akambandika jina la Joy, nalo likadumu hata alipokuja kuolewa na George Adamson na kusifika kwa simba wake Elsa.

Bally alikuwa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Kilichomteka ni mimea minene ya nchi kavu, ihifadhiyo maji shinani na majanini: mishubiri, jamaa za mnyaa, na hasa jenasi ya Monadenium, neno la Kigiriki lenye maana ya tezi moja. Kitabu chake juu ya jenasi hiyo kilitoka Bern mwaka 1961. Kazi yenyewe ilidai subira. Mmea mnene haukauki upesi ukibanwa karatasini, na ua lake hupoteza umbo, yafaa uchorwe ungali hai, upimwe, kisha uelezwe kwa Kilatini, maana tangu 1935 hadi mwisho wa 2011 spishi mpya haikukubaliwa bila maelezo ya lugha hiyo (lugha isiyo na mzawa hata mmoja!).

Hapa nina neno. Bally alianza vyema: mwaka 1937 alichapisha makala juu ya mimea ya dawa na ya sumu itumiwayo na wenyeji wa Afrika Mashariki. Lakini Monadenium mmoja aliuita ritchiei, kwa heshima ya Ritchie, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya. Naye akatunukiwa Aloe ballyi na Gilbert Reynolds. Ile i ya mwisho ni alama ya umilikaji. Mmasai wa Kajiado, auitaye mshubiri osukuroi, hayumo.

Mwaka 2006 Peter Bruyns aliihamishia Monadenium katika Euphorbia. Ritchiei ikabaki, kwa mujibu wa kanuni. Nyika ya Kitengela haina kanuni ya namna hiyo. Imekatwakatwa viwanja, ikazungushiwa nyua, na trekta haliulizi jina la kinachong'olewa. Laiti wapimaji wa viwanja wangefuatana japo siku moja na mtaalamu wa mimea pamoja na mzee wa Kimasai, wakayaandika majina yote mawili kabla ya mawe ya mipaka kuchimbiwa.