Vilhelm Thomsen, Bwana Aliyeyasomesha Mawe

Vilhelm Thomsen alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 25 Januari 1842. Alipoingia chuo kikuu nia yake ilikuwa kujifunza elimu ya dini, lakini alivutwa mno na lugha, hata akaiacha nia ile ya kwanza.

Mwaka 1869 alipata shahada ya udaktari kwa kitabu juu ya maneno ambayo Wafini waliyapata zamani kwa majirani zao wa jamii ya Kijerumani. Mfano mmoja ni neno kuningas, maana yake mfalme. Wafini walilichukua neno hilo bila kuwa wa kabila la wenyewe, kama jirani aazimavyo kinu. Basi tangu ujana wake Thomsen alijua kwamba maneno husafiri kwa njia zake.

Mwaka 1889 Mrusi mmoja, Nikolai Yadrintsev, aliona mawe makubwa katika bonde la mto Orkhon, nchini Mongolia. Jiwe moja lilisimamishwa mwaka 732 kwa ukumbusho wa mwana wa mfalme, Kul Tigin. La pili mwaka 735 kwa ukumbusho wa ndugu yake, Bilge Kagan. Upande mmoja palikuwa na maandishi ya Kichina, na pande nyingine herufi ambazo hapana mtu aliyeweza kuzisoma. Wafini walikwenda kuzinakili mwaka 1890, na Warusi mwaka 1891. Kule Petersburg Wilhelm Radloff, bingwa wa lugha za jamii ya Kituruki, alishika kazi ya kuzifumbua.

Thomsen hakwenda Mongolia. Alikaa Copenhagen na picha za mawe mezani pake, akahesabu. Aliona herufi 38. Zilikuwa nyingi kupita alfabeti ya kawaida, tena chache mno kuwa alama moja kwa kila neno. Akatazama ni herufi zipi zinazopenda kukaa pamoja na zipi zinazoepukana. Akagundua kwamba konsonanti nyingi zilikuwa na herufi mbili mbili, kila moja ikifuatana na vokali za namna yake. Kisha akalipata neno Tengri, yaani mbingu au Mungu. Halafu jina la Kul Tigin. Halafu neno Türk. Mlango ukafunguka. Tarehe 15 Desemba 1893 aliwaeleza wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Denmark ugunduzi wake, na bingwa wa Petersburg akautumia ufunguo ule ule.

Hivyo ilijulikana kwamba lugha ya mawe yale ni ya ukoo mmoja na Kituruki kinachosemwa Istanbul, maelfu ya kilomita upande wa magharibi. Thomsen alifariki mwaka 1927, mwenye umri wa miaka 85.

Lakini swali lilibaki. Je, ikiwa lugha ilitoka Mongolia, wasemaji wake nao wote walitoka huko? Mwaka 1937 watu 64,000 wa Uturuki walipimwa vichwa na miili ili asili yao ijulikane kwa futi na vipimo. Jibu la kweli halikuwa katika vichwa. Elimu ya jenetiki, yaani ya urithi wa mwili, imeonyesha baadaye kwamba sehemu kubwa ya nasaba ya Waturuki wa leo ni ya watu waliokaa Anatolia na nchi za jirani tangu kale, na sehemu ndogo tu imetoka Asia ya ndani. Baada ya vita vya Manzikert mwaka 1071 wageni wenye kusema Kituruki waliingia kwa wingi, wakatawala, wakaoa na kuolewa. Wenyeji, ambao wengi walisema Kiyunani au Kiarmenia, wakabadili lugha kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi.

Wenzangu, mtoto hupewa mwili na wazazi wake, lakini lugha aweza kuipata hata kwa mgeni aliyefika jana. Atakayemwuliza mwenziwe lugha yake apate kujua damu yake, atakosea. Thomsen aliyasomesha mawe vizuri kwa sababu hakuyauliza ila yale yaliyoandikwa juu yake.